Misumari Minne ya Mzee Elieza

Nakumbuka siku moja, Jumamosi ya jua kali, nilipopiga magoti kwenye sebule isiyokuwa yangu nikang'oa misumari minne sakafuni kwa koleo. Nilikuwa napiga mluzi. Mwanangu, kama kuna siku moja maishani ningeomba irudishwe, ningeomba hiyo, ili nijifungie ndani nilale mpaka jioni bila kumfanyia mtu yeyote wema wowote.

Sebule ilikuwa ya Mzee Elieza, pale Kisarawe mjini. Alikuwa mwalimu mstaafu wa kazi za mikono na mzee wa kanisa la Kilutheri. Mimi nilikuwa mtoto wa jirani, mtoto wa Kiislamu, nimemaliza darasa la saba sina pa kwenda, akanichukua nikajifunze useremala kwenye banda lake. Nilikaa naye miaka sita. Idi alikula pilau kwetu, Krismasi nilikula kwake, na dini haikutukosanisha hata siku moja. Tulikosana kwa jambo moja tu, na ndilo hili ninalokuhadithia, ingawa kukosana si neno lake hasa, maana yeye hakunigombeza. Angenigombeza ningelala usingizi.

Mzee alikuwa ametengeneza spika mbili za tarumbeta. Usifikirie spika za disko. Zilikuwa boksi mbili za mkongo zinazonifika kiunoni, na juu ya kila boksi kumelala tarumbeta ya mninga, koo jembamba kwa nyuma, mdomo mpana kwa mbele, mpana kuliko ungo. Nyuma ya koo alifunga kispika kidogo kisichozidi kiganja. Hapo ndipo ujanja ulipo, mwanangu. Sauti ikitoka kwenye kispika kitupu inatawanyika chumbani kama kuku waliofunguliwa bandani. Ikipitia tarumbeta inalelewa kwanza: inabanwa, inapanuka polepole, inafika mdomoni imekua, na inakwenda kule ilikoelekezwa. Ndiyo maana redio yake ya kanda, ya betri ya gari, yenye nguvu ndogo ya kuchekesha, ilitosha kuijaza nyumba.

Lakini hakuzitengeneza ili zisikike mbali. Alizitengeneza kwa ajili ya kanda moja.

Mkewe, Mama Neema, alikuwa amefariki miaka mitatu kabla. Aliimba kwaya, sauti ya pili, tangu usichana wake. Mwaka wa mwisho wa uhai wake alikuja mgeni usharikani na kinasa sauti chenye vipaza sauti viwili, akaviweka mbele ya kwaya, kimoja kushoto kimoja kulia, akawarekodi nyimbo tano. Basi. Hakuna picha nzuri ya Mama Neema, hakuna barua, kuna kanda hiyo. Na kwenye kanda hiyo haimbi peke yake hata mstari mmoja. Yumo katikati ya watu thelathini.

Sasa nikueleze Mzee alichokuwa akikitafuta, maana bila hicho hutaelewa uovu wangu. Wanaojua mambo ya muziki wanakiita jukwaa la sauti. Mzee alikiita baraza. Alisema Mungu alitupa masikio mawili ili tujue mtu anatuita kutoka wapi, na spika mbili zikipangwa sawasawa mbele ya masikio mawili, spika zenyewe zinapotea. Unafumba macho, mbele yako panakuwa na baraza, na watu wamesimama kila mmoja mahali pake: sauti ya nne kule nyuma, ya kwanza mbele kushoto, na kati ya mtu na mtu unasikia nafasi ya kupita. Mama Neema alisimama safu ya pili, wa tatu kutoka kushoto, karibu na nguzo. Mzee alisema akifumba macho alimpata palepale, anavuta pumzi kabla ya kiitikio kama alivyokuwa akivuta pumzi kabla ya kuinua ndoo. Kila Jumapili baada ya ibada alikaa kwenye kiti chake, akakaa na mkewe nusu saa, akainuka akala.

Baraza hilo, mwanangu, halitokani na spika peke yake. Linatokana na mambo madogo madogo ambayo ukiyatazama kwa macho yote yanaonekana ni uchafu. Tarumbeta zake hazikutazama mbele kiaskari. Zilipinda kutazamana, na macho yao yalikutana hatua moja mbele ya kiti. Ya kushoto ilipinda zaidi, kwa sababu upande wa kulia kulikuwa na dirisha, na dirisha linameza sauti wakati ukuta unairudisha. Makoo yake yalirudishwa nyuma kidogo ya spika kubwa zilizomo ndani ya boksi ili sauti nyembamba na sauti nene ya mtu mmoja zifike pamoja. Zikipishana, alisema, mtu anagawanyika, kichwa huku na kifua kule. Kingo za midomo alizizungushia vipande vya blanketi kuukuu, maana sauti ikikutana na ukingo mkali inashtuka na kurudi. Mkeka chini. Kwenye ukuta wa kushoto, kanga mbili za Mama Neema zimening'inia. Na kiti, kiti kimoja cha mti, kila mguu umekaa nyuma ya msumari uliopigwa sakafuni, ili mtu akifagia akakisogeza, ajue pa kukirudisha.

Haya yote aliniambia bandani, kidogo leo kidogo kesho, huku tunapiga randa. Nilisikia kama unavyosikia mvua ya mtaa wa pili. Mara nyingi aliniita sebuleni akaniambia, "Kaa hapa, Rama, usikilize." Nami nilikataa. Nilikaa kwenye mkeka karibu na mlango, nimekunja miguu. Kwetu kiti cha mzee hakikaliwi. Mama yangu angesikia angenichapa nikiwa na ndevu zangu. Nilijiona nina heshima sana. Nilikuwa na heshima ya kutokalia kiti chake, sikuwa na heshima ya kutoshika msumeno ndani ya nyumba yake.

Mwaka ule Mzee alipata kiharusi, akalazwa Kibaha. Binti yake Neema, ambaye alikuwa mwalimu, aliomba ruhusa kazini akaenda kumuuguza, nami nikaachiwa funguo. Habari zikaja kwamba ataruhusiwa. Kwetu mgonjwa akitoka hospitalini nyumba hufagiliwa na kupakwa chokaa, ajue kwamba alingojewa. Nikasema mimi sitaishia kwenye chokaa. Nilimpenda mzee yule, mwanangu, sitaki ufikiri vingine. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na mikono iliyojifunza kazi kabla kichwa hakijajifunza kunyamaza.

Nikapaka kuta. Nikaondoa mkeka, nikapiga sakafu ya niru nyekundu, saruji laini inayong'aa mpaka unajiona meno. Nikatungua zile kanga, nikazifua, nikazikunja vizuri sandukuni. Misumari nilikuwa nimeing'oa kabla ya niru, kwa sababu mgonjwa angejikwaa. Nikasogeza kiti mpaka ukuta wa nyuma, wageni wapate pa kupita. Kisha nikazigeukia spika. Nikasema moyoni, mzee wa watu, macho yameshachoka, tazama alivyozipanga kombo. Nikabandua mablanketi. Chini yake nikakuta midomo haikulingana: mmoja umeipita boksi kwa vidole vinne, mwingine vitatu, na mkunjo wake wa mwisho unageuka nje kama mdomo wa mtungi. Nikachukua msumeno. Nikaikata yote miwili ikawa sawa na uso wa boksi, nikapiga msasa, nikapiga vanishi, nikazipanga zitazame mbele, zimenyooka. Vilikuwa vitu vizuri. Majirani waliingia wakashika vinywa vyao kwa kustaajabu. Vipande nilivyokata nikavitia jikoni, nikachemshia chai ya wale walionisaidia kupaka chokaa.

Mzee alikuja siku ya pili yake, Jumapili mchana, Neema amemshika, mguu wa kulia unaburuzika na mkono wa kulia umelala tumboni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Rama. Nyumba imekuwa ya harusi hii."

Akacheka, nami nikacheka. Akazunguka akitazama, akashukuru mtu mmoja mmoja. Kisha akauliza kiti chake. Nikamwambia nimekisogeza ukutani. Akakifuata hukohuko. Akaketi, akavuta pumzi, akaniambia, "Niwekee Mama Neema." Ndivyo alivyoiita ile kanda.

Nikaiweka. Kwaya ikapasuka mle chumbani, kali, inagonga kwenye kuta na kwenye niru yangu. Mimi niliona imekuwa nzuri, ina nguvu. Mzee akafumba macho. Baada ya muda akageuza kichwa kushoto, taratibu, kama mtu aliyeitwa jina lake sokoni. Akageuza kulia. Akainama mbele.

"Niongeze sauti, mzee?"

"Sijasema haisikiki." Akangoja mpaka kiitikio kikapita. Kisha akafumbua macho akanitazama. "Rama, Mama Neema umemweka wapi?"

Nilidhani ugonjwa umegusa akili. Nikaonyesha kanda kwa kidole. "Si huyu anaimba, mzee?"

"Anaimba. Namsikia. Lakini hayupo."

Akatazama sakafu. Akauliza misumari, nikamwambia nimeing'oa. Akauliza midomo, nikamwambia nimeikata. Akauliza vipande viko wapi. Nilipomwambia nimechemshia chai, alitikisa kichwa kidogo, akasema, "Si neno," akamwomba Neema uji.

Mwanangu, maji yakimwagika hayazoleki, lakini kijana haamini mpaka ameyazoa na vumbi. Wiki sita nilizoa. Nilirudisha mkeka, nikatundika kanga, nikashona mablanketi. Nilikwangua niru kwa patasi nikitafuta matundu ya misumari. Niliyapata mawili, mengine mawili sikuyaona tena. Mzee alikaa kwenye kiti ameshika fimbo kwa mkono wa kushoto, ananielekeza kwa fimbo. Mbele. Rudi. Pinda kidogo. Siku zikapita, watu wakaanza kurudi barazani kwake mmoja mmoja. Sauti ya nne ilirudi nyuma ilikokuwa. Sauti ya kwanza ilisimama. Nguzo, alisema, ameisikia. Lakini mahali pa tatu kutoka kushoto palikuwa na ukungu tu, watu wawili wameshikana wakawa mmoja. Nilichonga midomo mipya mara nne. Mara moja alisema, "Sasa umemleta mlangoni. Amesimama kama mgeni asiyekaribishwa." Nikaenda kuichonga tena, nikampoteza kabisa.

Midomo ile ya kwanza hakuwa ameichora popote. Aliichonga masika nzima kwa kisu, anakata unywele, anakwenda kuketi, anasikiliza, anarudi kukata. Na mkono uliochonga ndio huo umelala tumboni.

Siku moja nilipomaliza kuibandua jozi ya nne ya midomo aliniambia niache. Akaniuliza, "Nilikuambia mara ngapi ukae hapa?"

"Mara nyingi, mzee."

"Ukakataa."

"Ilikuwa heshima, mzee."

"Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake," akasema. "Ungekaa mara moja tu ungemwona, na ungemwona usingegusa kitu. Sasa tazama tulivyo. Mimi najua alipokuwa, mkono sina. Wewe mkono unao, hujui unatafuta nini."

Hakupandisha sauti. Tangu siku hiyo hakuniomba tena niweke kanda, na Jumapili baada ya ibada alikaa nje kwenye benchi akitazama barabara. Mvua za kwanza za masika zilipoanza tulimzika.

Msibani alikuja mtani wetu mmoja, Masanja, Msukuma aliyekuwa akilima kule Ruvu. Unajua mambo ya watani msibani: wanachekesha waliolia, wanamwigiza marehemu, hakuna wa kuwakataza. Masanja alikuwa amemtembelea Mzee mara mbili wakati ule wa kutafuta. Basi akaburuza kiti cha Mzee mpaka uani mbele ya watu, akaketi, akalaza mkono tumboni, akafumba macho, akaanza kugeuza kichwa. Kushoto. Kulia. Akapapasa hewa kwa fimbo, akasema kwa sauti ya Mzee, "Mama Neema, wee Mama Neema, mbona umejificha, mume ana njaa." Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Neema mwenyewe alicheka huku machozi yanamtoka. Mimi nilitoka nikaenda nyuma ya choo, nikakaa huko mpaka walipomaliza kucheka. Isipokuwa Neema, hakuna aliyejua kwamba kichekesho kile nilikitengeneza mimi kwa msumeno.

Neema hakunilaumu. Alinipa ile kanda, akaniambia, "Kaka Rama, labda wewe utampata." Nimeishi na neno hilo. Nilihamia Kibaha, nikafungua banda hapa Misugusugu, nikawa fundi wa spika za tarumbeta. Watu wametoka Dar kuzifuata, wakazisifu, wakakaa sebuleni kwao na waimbaji wamesimama mbele yao kama wageni wa heshima. Na kila jozi niliyoimaliza, kabla haijaondoka bandani, niliiwekea kwaya ya Kisarawe. Jozi nyingine ziliweka mwanamke wa tatu kutoka kushoto karibu na nguzo, nikasikia pumzi kabla ya kiitikio. Lakini sijui kama ni yeye. Hilo ndilo linaloniua. Sikukaa kwenye kiti kile, kwa hiyo sina cha kulinganisha. Huenda nimempata mara kumi na sikumtambua. Aliyemjua yuko kaburini, nami ndiye niliyemfanya aende akiwa amempoteza.

Sasa hata huko kutafuta kumekwisha. Mwaka juzi sikio langu la kushoto lilianza kuvuma, kisha likafa. Daktari alinitazama akaniambia uzee. Mwenye sikio moja hana baraza, mwanangu. Nikiweka ile kanda, watu thelathini wote wamerundikana upande wa kulia, wanaimba kutoka kwenye tundu moja. Majuto ni mjukuu, na wangu amekuja ameshakuwa mtu mzima.

Na mwezi uliopita mwanangu wa kuzaa, Juma, alikuja na fundi wa vigae. Kijana mwema. Ana kazi, anajenga Mkuza, anataka baba yake akae kwenye nyumba inayong'aa. Sebuleni kwangu mimi nami nilikuwa nimepiga misumari minne, miguu ya kiti changu inapoishia, miaka mingi sasa. Wajukuu wamejikwaa hapo, wageni wamejikwaa, na katika wote hao hakuna aliyewahi kuuliza ni ya nini. Fundi wa vigae akaigonga kwa nyundo, akasema, "Mzee, hii itasumbua."

Juma akacheka, "Ing'oe tu, bro. Mambo ya zamani hayo."

Mdomo wangu ulifunguka. Nilitaka kusema, Juma, kaa kwanza kwenye kiti. Nikamtazama alivyo na furaha ya kunifanyia wema, nikajiona mimi mwenyewe na mluzi wangu. Malipo ni hapa hapa duniani. Na ningemwonyesha nini, na sikio langu hili? Nikawaambia wang'oe. Walikuwa wanapiga stori huku wanang'oa.

Basi, mwanangu unayenisoma, Juma nilishindwa kumwambia, nakuambia wewe. Ukipewa nyumba ya mtu, au kazi yake, au mtoto wake, ukakuta kitu kimekaa kombo, usiseme amekosea. Kaa kwanza pale alipokuwa akikaa yeye, ukae muda, ufumbe macho. Mzee akikukaribisha kwenye kiti chake, kalia. Heshima ya kukataa ni rahisi, haikugharimu kitu, na haikufundishi kitu. Ukikuta msumari sakafuni, muulize aliyeupiga kabla hujashika koleo. Kuuliza si ujinga. Na ukishakata, usichome vipande. Viweke hata kama huna matumaini, maana mimi nilichoma na hata pa kuanzia sikuwa napo. Wala usijipe moyo kwamba mapenzi yatakutetea. Nilimpenda Mzee Elieza, na ndiyo sababu nilikata kwa bidii.

Mwenyezi Mungu akulinde masikio yako yote mawili mpaka siku yako ya mwisho. Akuweke karibu na wale uwapendao ukiwa bado unajua wamesimama wapi. Na siku mikono yako itakapolala tumboni, akuletee mtu atakayeketi kwenye kiti chako kabla hajaokota msumeno.